Hester Ormerod na Filamu Aliyoiunga Mara Mbili

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake mliojaa katika kanisa hili mpaka kwenye ngazi, haya ni maisha ya Hester Ormerod, na anayeyasoma kwa niaba ya familia ni mdogo wake, Arnold Barraclough, ambaye aliagizwa na marehemu mwenyewe asipambe kitu, na kwa kuwa tangu utotoni hakuwahi kumshinda dada yake kwa ubishi, hataanza leo.

Hester alizaliwa tarehe 19 Februari 1934 hapa hapa Todmorden, mtoto wa kwanza wa Bwana Herbert Barraclough, fundi wa kiwanda cha pamba, na Bibi Edith, akasoma shule ya kanisa hili, kisha sekondari ya wasichana hadi mwaka 1950, alipoanza kazi ya kusafisha picha katika duka la dawa, na mwaka 1956 akaajiriwa na Hifadhi ya Filamu ya Calder Royd, iliyokuwa ndani ya bohari la zamani la sufu mjini Halifax, ambako alitengeneza filamu zilizochakaa kwa miaka arobaini na mitatu.

Tarehe 7 Juni 1958 alifunga ndoa na Clifford Ormerod, karani wa bima, wakahamia nyumbani kwa mama mkwe, na hapa Hester aliagiza isemwe wazi kwamba Clifford hakuwahi kumnyanyulia mkono, ila alijua kwamba kutoka kituo cha basi hadi mlangoni ni mwendo wa dakika kumi na moja, na ya kumi na mbili ikifika alikuwa amekwisha kusimama dirishani. "Leo umepitia wapi?" ndiyo ilikuwa salamu yake, kila siku ya Mungu, naye hakungoja jibu, bali alitazama viatu vya mkewe kama vina tope. Barua za Hester alizifungua yeye kwanza, rafiki zake wakapungua mmoja mmoja, na sisi nduguze tulipowatembelea tulikaa kwenye ncha za viti kama watu waliokuja kuomba radhi. Tuliona, tukanyamaza, na hilo linatuuma mpaka leo.

Mwaka 1968 ililetwa pale kazini mikebe saba iliyokutwa kwenye banda la marehemu mmoja aliyekuwa na ukumbi wa sinema, na ndani yake mlikuwa na filamu bubu ya mwaka 1921, "Nyumba ya Thornsike", ambayo kila mtu aliamini imepotea, hadithi ya Agnes, mke aliyefungiwa na mumewe katika nyumba ya milimani. Wenye kazi hii wanajua kwamba zamani vipande havikuhifadhiwa kwa mfuatano wa hadithi, bali kwa rangi vitakayotiwa, vya usiku katika mkebe wa buluu, vya ndani ya nyumba katika mkebe wa manjano, na karatasi ya mpangilio, ambayo ndiyo iliyosema kipi kinatangulia, ilikuwa imeliwa na panya, hivyo Hester akakaa miaka mitatu akivisafisha na kuviunga kwa kukisia. Kipande kimoja kilimsumbua kuliko vyote, Agnes akiingia ndani ya nyumba na sanduku mkononi, mlango ukifungwa nyuma yake, na kwa jinsi uso ule ulivyochoka, Hester aliona huyu ni mke aliyetoroka akarudi, akakiweka mwisho.

Sasa ndugu, jambo hili hatukulijua wakati ule. Hester naye alikuwa na sanduku, amelificha chini ya meza yake ya kazi, na chumba amekwisha kupata mjini Leeds, akingoja tu filamu imalizike. Ilionyeshwa Ijumaa ya tarehe 12 Novemba 1971, watu wakasimama kupiga makofi, yeye akakaa gizani akitazama mlango ule ukifungwa, akajiambia kwamba kama Agnes alirudi akavumilia, yeye ni nani, akalichukua sanduku lake akapanda basi la kurudi kwa Clifford.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Muriel, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1973, na Clifford alifariki mwaka 1989, lakini hata baada ya hapo Hester alikuwa akishuka basi anatazama saa yake na kukaza mwendo.

Mwezi Mei 1996 hifadhi moja ya Uholanzi iligundua kwenye rafu zake nakala kamili ya filamu ile, iliyokuwa imeandikwa jina lisilo lake, na ilipofika Halifax, Hester na mwenzake Desmond Feather waliitazama pamoja, na dakika ya nne tu Agnes akaingia na sanduku, mlango ukafungwa. Alikuwa bibi harusi wa juma moja. Mwisho wa filamu alipanda treni, akaenda zake. "Bi Hester," Desmond akatania, "mwanamke wa watu umemrudisha kifungoni miaka ishirini na tano." Hester hakucheka, akamwomba aionyeshe tena tangu mwanzo.

Mkuu wake alimsihi aiache ilivyo, kwa kuwa watu wameshaizoea na sifa ni zake, akamjibu, "Basi wataizoea upya," akaiunga tena yote, na tarehe 17 Oktoba 1998 alisimama mbele ya ukumbi uliojaa akasema kosa lilikuwa lake, la mtu mwingine hapana.

Alistaafu mwaka 1999, akaugua mapafu kuanzia mwaka 2009, na katika siku zake za mwisho alimweleza Muriel habari ya sanduku lile, naye Muriel akamuuliza, "Mama, ungejua mapema, ungeondoka?" Akamjibu, "Ningeondoka, mwanangu. Na wewe nisingekupata. Nimejaribu kuviunga hivyo viwili, nimeshindwa." Alifariki Jumatatu ya tarehe 7 Machi 2011, akiwa na umri wa miaka sabini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani walioleta pai na keki za tangawizi mpaka meza ikakosa nafasi, na wenzake wa Calder Royd, hasa Bwana Desmond, aliyemsomea magazeti macho yake yalipochoka. Mwisho tunamshukuru Muriel, aliyeketi hapa mbele, ambaye jana alipewa karatasi hii na kalamu, akaambiwa afute lolote litakalomuumiza, akaisoma mara mbili, akairudisha bila kufuta neno.

Lala, dada. Hakuna anayekungoja dirishani.