Bonde la Mama Bilan

Treni ya Embakasi haikuwa imefika Makadara, na Muasya, mchimba visima, alikuwa tayari ameazima leso ya Mama Bilan, aliyejuana naye kwa dakika tano tu.

"Huko juu kilimani utachimba mwamba, mama." Akaitandaza mapajani mwake, akaisukuma kutoka pande mbili. Mikunjo ikainuka, katikati pakabaki bonde. Akamwaga humo maganda ya njugu zake. "Ardhi ikisukumwa hivi, milima inapanda, mchanga unateremka kujaza bonde. Maji hukaa kwenye mchanga huo."

"Lakini ploti yangu iko juu."

"Basi ulinunua upepo."

Treni ikafunga breki. Sote abiria behewani tukasukumwa mbele, leso ikajikunja upya, maganda yakapanda kileleni.

"Umeona, fundi?" Mama Bilan alisema akiinuka kushuka. "Mchanga wenyewe umenifuata."