Njia ya Baiskeli Malishoni kwa Emrys

Nerys alikuwa akifua mashuka ya hospitali tangu alfajiri, na ndani ya basi la kurudi milimani alitaka kusinzia tu. Lakini kwenye kiti cha mbele yake mzee Emrys, mfugaji wa kondoo, alikuwa amekaa na mwanamke mgeni mwenye matope hadi magotini.

“Kumbe ni wewe unayechimba njia za baiskeli!” mzee alisema. “Watu wako waliacha geti langu wazi. Kondoo mwenye mimba akatoka, akagongwa na lori.”

“Pole sana, mzee wangu. Ndiyo maana nataka tupitishe njia juu ya uzio, kwa kidaraja. Geti halitaguswa tena.”

“Yaani dawa ya njia ni njia nyingine?”

“Shule ya kijiji imefungwa, duka limefungwa. Wageni wa baiskeli wasipokuja, hata basi hili wataliondoa. Mjini utakwenda kwa miguu?”

“Nilikwenda kwa miguu kabla hujazaliwa.”

“Kwa magoti hayo ya sasa?”

Nerys akacheka, kisha akaona haya, maana mzee hakucheka. Alikuwa akitazama mlima dirishani.

“Yule kondoo alilelewa kwa chupa na marehemu mke wangu,” akasema taratibu. “Ndiye kondoo wa mwisho aliyemlea kabla hajafariki.”

Basi liliposimama, yule mwanamke alijitwika gunia la mzee la chakula cha mifugo, akampa mkono ashuke.

“Sijakubali, binti,” mzee alisema, akiushika.

“Wala sijakuuliza tena.”