Chandrakala Karn na Kizingiti Ambacho Meneja Hakukikanyaga

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Bibi Chandrakala Karn, msimamizi wa wachoraji katika Karakana ya Ushirika ya Lakhnipur, anastaafu tarehe 31 Machi. Mkono wake bado haujaanza kutetemeka, wala hajaomba kupumzika. Ameambiwa kuwa umri umefika, naye amekubali, kwa kuwa kanuni ni kanuni. Tusichokubali sisi wachoraji wake ni jambo jingine. Agizo la mazulia ya mlangoni, alilolizuia mwaka jana, limepangwa kujadiliwa upya tarehe 1 Aprili, siku moja tu baada ya kamati ya ushirika kumvisha shada la maua. Wasifu huu utaeleza kwa nini mpango huo ni aibu.

Chandrakala alijifunza kuchora kama binti yeyote wa hapa kwetu Mithila: kwenye ukuta wa udongo nyumbani kwao, kwa kijiti cha mwanzi kilichofungwa pamba, kwa weusi wa masizi na umanjano wa bizari. Alipojiunga nasi, karakana ilikuwa baraza moja lenye paa la vigae. Wateja wa mijini walikuwa wameanza kuipenda michoro yetu, lakini hawakuwa na kuta za udongo. Walitaka masinia ya mbao, vivuli vya taa, foronya na fremu za vioo. Wengi wetu tulidhani kazi ni kuhamisha picha tu, kutoka ukutani hadi kwenye sinia.

Sinia la kwanza lilichorwa Ganesh. Chandrakala alilipeleka mwenyewe kwa mteja mmoja wa Patna, akakaribishwa chakula, na chakula kikaletwa juu ya sinia lile lile. Alipoona miiba ya samaki imelala juu ya tumbo la mungu, alilinyanyua sinia pamoja na miiba yake, akapanda basi, akarudi nalo Lakhnipur. Mteja alilalamika kwa maneno makali. Siku hiyo ndipo karakana ilipopata sheria yake ya kwanza: mungu hakai chini ya makombo. Kwenye sinia tukaanza kuchora samaki na kasuku, na kwenye foronya tausi, kwa kuwa, kama alivyosema, tausi hana kinyongo akilaliwa. Ganesh akabaki ukutani, kwenye vibao vya kutundika. Yeye pia ndiye aliyegundua kwamba kivuli cha taa kikijazwa weusi hufanana na sufuria iliyoungua, akatufundisha kuchora mistari miwili myembamba na kuacha mwanga upite katikati.

Kwa hiyo anayesema kwamba Chandrakala ni adui wa mabadiliko hasemi kweli, na anajua kuwa hasemi kweli.

Hakuwa mpole, na hatutamsingizia upole leo. Alipita nyuma ya wachoraji akiwa na tambuu shavuni, na kila mmoja alikaza mgongo. "Mwanangu, hapa umeacha uwazi. Unamwekea nani nafasi?" ndiyo iliyokuwa salamu yake ya asubuhi. Mbunifu mmoja kutoka Delhi aliwahi kumweleza kwamba siku hizi nafasi nyeupe ndiyo inayopendwa. Alimsikiliza hadi mwisho, akatema tambuu, akasema, "Basi wauzieni karatasi tupu, sisi tukalale."

Sasa tuje kwenye kohbar, mchoro wa chumba cha maharusi: yungiyungi lililochanua, shina la mwanzi likipenya katikati yake, na pembeni kasuku, samaki, kobe, jua na mwezi. Maharusi hukaa mbele yake wakiombewa uzazi na maisha marefu. Katika Lakhnipur ni vigumu kuipata nyumba ambayo kohbar yake haikuchorwa na Chandrakala. Kwa miaka mingi karakana haikuiuza kabisa. Ni yeye aliyewashawishi wanawake wazee wairuhusu kwenye vitambaa vya ukutani na kwenye ubao wa kichwani mwa kitanda. Alisema kuwa mahali pa maharusi ni pa maharusi, hata kama nyumba iko ghorofani.

Mwaka jana duka moja la mjini liliagiza kohbar kwenye mazulia ya mlangoni, yale ya kupangusia viatu. Meneja wetu, Bwana Prabhash Mishra, ambaye ni mzaliwa wa hapa hapa, alilipokea agizo hilo kwa furaha na kuitisha kikao.

"Mama Mdogo," alimwambia Chandrakala, kwa jina tunalomwitia sote, akitabasamu kabla hata ya kupingwa, "mbona nyinyi wenyewe mnachora sakafuni kila sikukuu? Aripan mnaichora wapi, darini?"

Watu walicheka. Ni kweli kwamba aripan, mchoro wa maji ya unga wa mchele, huchorwa chini.

"Aripan tunaichora chini ili mgeni wa heshima apajue pa kukaa," Chandrakala alijibu. "Uliwahi kumwona mama yako akimwambia mtu ajipangusie tope hapo?"

"Mnunuzi wa mjini hajui kohbar ni nini."

"Yeye hajui. Na wewe je?"

"Mimi ni meneja, Mama Mdogo. Kazi inaanza kesho."

Kesho yake, watu walipofika kazini, waliikuta kohbar imechorwa kwa maji ya mchele kwenye kizingiti cha ofisi, kutoka mwimo hadi mwimo, ikiwa na nukta nyekundu za sinduri, unga anaopakwa bibi harusi. Ofisi ile ina mlango mmoja. Chandrakala alikuwa ameketi kando juu ya kigoda, akitafuna.

Bwana Prabhash alifika na kikombe chake cha chai, akasimama. Haikuwa kohbar yoyote tu. Kasuku mmoja alikuwa ametazama nyuma, na kijiji kizima kinaijua habari ya kasuku huyo. Chandrakala alipokuwa akichora chumba cha harusi ya Prabhash, mtoto alimgonga kiwiko, kichwa cha ndege kikaelekea upande usio wake, naye akakiacha hivyo hivyo, akisema kuwa kasuku anamwangalia bibi harusi. Kohbar iliyokuwa kizingitini ilikuwa ya Prabhash mwenyewe.

Alivua viatu. Akavivaa. Akavivua tena.

"Mama Mdogo, futa nipite."

"Pita tu, mwanangu. Si zulia?"

Mhasibu wetu, Bwana Lalan, alimshauri aruke.

"Na nikiteleza?" meneja aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ukiteleza, mkeo atasikia kabla ya saa sita," mmoja wa wachoraji alisema.

Alishinda uani, akitia saini barua zake juu ya kreti la rangi. Jioni alilijulisha duka kwamba karakana haitaweka kohbar kwenye mazulia. Hakuna mtu aliyekuwa amemshika mkono. Aliujua mchoro ule tangu siku ya harusi yake, na mguu wake ulikataa.

Ndiyo maana tunakasirika. Kamati haijapata hoja mpya tangu siku ile. Hoja yake ni moja tu, na tumeisikia ikisemwa bila haya kwenye meza ya chai: "Mama Mdogo akishaondoka, mambo yatakuwa mepesi." Wajumbe waliosema hivyo wote walioa mbele ya kohbar zilizochorwa na mkono wake. Wanataka kuuza kwa viatu vya watu wengine kile ambacho hawathubutu kukikanyaga kwa miguu yao wenyewe.

Kamati hiyo hiyo imemnunulia zawadi: saa ya ukutani yenye kohbar iliyochapwa kwa mashine, na nyuma yake kibandiko kinachodai kuwa ni kazi ya mkono. Mwanzi umepita kando ya yungiyungi, kana kwamba haujuani nalo. Chandrakala aliiona mapema, akauliza kama inakwenda. Alipoambiwa inakwenda, alisema, "Basi angalau kitu kimoja hapo ni cha kweli." Tunaikabidhi leo kwa kuwa imekwisha kununuliwa, na tunamwomba radhi.

Mama Mdogo Chandrakala, umetufundisha kuchora, na umetufundisha kila mchoro ukae wapi. Kwa hilo la pili tunakushukuru zaidi. Uende nyumbani na afya yako, macho yako yaendelee kuuona mstari mwembamba, tambuu lisikukaukie, na wajukuu wako wakuachie ukuta wa kuchezea. Kikao cha tarehe 1 Aprili kitakuwa saa nne asubuhi, katika ofisi ile ile yenye mlango mmoja. Usihangaike kuamka mapema. Mchele tumekwisha kuuloweka.