Mwalimu wa Sayansi Kimu na Chai ya Wageni

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mama yetu, familia inaomba usikivu wenu kwa muda mfupi, iwasimulie alivyoishi tangu kuzaliwa hadi Jumanne iliyopita.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa tatu na binti wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili iliyotazamana na ghala la reli. Alianza shule ya msingi mwaka 1963, akamaliza sekondari mwaka 1974 akiongoza darasa zima kwa hesabu na kemia, lakini mwalimu mkuu alimchagulia sayansi kimu, akamweleza baba yake, binti mwenyewe akiwa amesimama pale pale, "Huyu ataolewa, mzee wangu, hizo hesabu atampigia nani?" Binti akafunga sanduku lake akaenda, na huko chuoni akakuta kwamba somo alilosukumiwa lilikuwa na kemia yake ndani na hesabu zake pia, akalipenda kwa moyo wote, na hakuliacha tena.

Alipata shahada ya kwanza mwaka 1978, na tarehe 1 Septemba mwaka huo akaajiriwa na chuo hicho hicho, katika idara iliyokuwa ghorofa ya chini, milango mitatu kutoka ukumbi wa mikutano, na ukaribu huo ndio uliomponza.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na mhadhiri wa uhandisi wa mitambo, ambaye alikuwa ametumwa kutengeneza jiko la gesi lililokuwa likivuja katika maabara ya mapishi, akahangaika nalo asubuhi nzima, hadi marehemu alipomnyang'anya spana na kumwambia, "Shika tochi, kaka, hiyo utaiweza." Walijaliwa watoto watatu, wa kike mwaka 1983 na 1986, na wa kiume mwaka 1990.

Utafiti wa shahada yake ya uzamivu aliuanza mwaka 1988, akienda majumbani kwa watu waliosoma sayansi kimu sekondari ili aone ni kipi kilichovuka mlango wa darasa kikafika nyumbani, naye akakuta akina mama waliojua kupanga meza ya watu sita kwa uma na visu wasivyokuwa navyo, lakini wametia saini mikataba ya mikopo bila kuisoma, na wanamnunulia mtoto maziwa kwa kutazama picha iliyo kwenye kopo. Aliandika kwamba somo lilikuwa likifundisha nyumba zisizokuwepo, na akataka mtaala uandikwe upya.

Kazi hiyo ya miaka minne ilimchukua kumi na mmoja. Kila alipojiandaa kutoka, simu ililia kutoka ofisi ya makamu mkuu wa chuo, "Mama, tuna wageni, kama thelathini hivi, utuangalizie chai," naye akavua viatu vya safari akavaa aproni. Wengi walimshangaa kwa nini hakukataa. Alikataa mara moja tu, mwaka 1993, na hapo ndipo alipouona ukuta wenyewe, kwa kuwa unga, mafuta na gesi ya mafunzo kwa vitendo vilinunuliwa kwa fungu la wageni, si kwa fungu la kufundishia, na muhula ule fungu halikuja, wanafunzi wake wakajifunza kuoka mkate kwa chaki ubaoni. Muhula uliofuata alirudi kwenye birika. Wenzake wa vitivo vingine walimwita Profesa wa Sufuria miaka mingi kabla hajawa profesa, na maombi yake ya kupandishwa cheo yalipofika kamatini mwaka 2004, mjumbe mmoja aliuliza kwa nia njema kabisa, "Si ndiye yule wa keki za mahafali?" Maombi yakasubiri miaka sita.

Uprofesa aliupata mwaka 2010, na jioni ya mhadhara wake wa kwanza kama profesa, akiwa ameshavaa joho, ukumbi umejaa, karani alimfuata jukwaani akamnong'oneza, "Samahani, mama, vikombe havitoshi, na kabati limefungwa." Alishuka, akaenda kulifungua, akahesabu visahani, akarudi kufundisha. Mtaala aliouota ulipitishwa mwaka 2013, na leo watoto wa shule wanasoma mikataba na vibandiko vya bidhaa darasani. Chai iliendelea hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2016.

Hakuwahi kulichukia jiko. Alichokichukia ni kufungiwa humo.

Mwaka 2021 figo zilianza kushindwa, ikawa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, kwenye kiti ambapo hakuweza kuinuka, na hata hapo aliwafundisha wagonjwa wenzake kupunguza chumvi bila kuua ladha, akisema kwamba safari hii angalau wanafunzi hawawezi kutoroka. Mwezi uliopita alimwambia mumewe kwamba siku ya kumzika, wanafunzi wake na wenzake wa idara wasikanyage jikoni. "Sasa nani atapika?" mumewe akauliza. "Wewe na mainjinia wako. Mnajua moto ni nini, si ndiyo?" Aliaga dunia tarehe 14 Mei 2024, saa kumi na moja alfajiri, mumewe na binti zake wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliotuletea maji na viti, na wafanyakazi wenzake wa chuo. Tunaomba radhi kwamba chai imechelewa, na kwamba mtakaonusa kitu kilichoungua hamtakosea. Wale dada sita wa idara yake waliokwisha kuingia jikoni wakafunga khanga viunoni, tunawaomba kwa heshima watoke, waje hapa mbele, viti vyao vipo.

Nawe Profesa, leo hakuna atakayekuita, pumzika kwa amani.