Asilimia Tisini na Nane

Benchi letu linatazamana na geti la kituo cha afya, kwa hiyo anayeingia na anayetoka tunamwona. Leo asubuhi wametundika bango pale: “Asilimia tisini na nane ya wagonjwa wetu wameridhika.” Fundi Saa, aliyeshinda humo jana na mama yake mgonjwa, amelisoma mara mbili, akaja kwangu muuza kahawa amefura.

— Nani aliyeridhika? Viti? Tumeingia saa moja asubuhi, tumetoka saa tisa! Daktari hata uso hakuinua!

— Shida ni salamu, akasema Kinyozi. Yule nesi wa dirishani angesalimia watu tu, nusu ya homa ingeshuka.

— Salamu kitu gani! akadakia Redio, tunayemwita hivyo kwa kuwa hazimiki. Ni yale mabenchi. Yamechongwa makusudi. Ukiyakalia saa nne nzima mgongo unauma, ukiingia kwa daktari unataja mgongo, ugonjwa wako unausahau. Wao wanaandika umepona!

— Na feni je? akaongeza Fundi Saa. Inampuliza daktari peke yake!

— Wamefunga vifaa humo, akasema Redio, wanapima hasira. Ukinuna, namba yako inarudishwa nyuma. Nawaambia mimi!

Nikachoka.

— Ngojeni. Hiyo asilimia wameitoa wapi?

Kinyozi akakuna kichwa.

— Kwenye zile fomu za maoni. Unajaza dirishani, kabla hujamwona daktari.

— Ukatia tiki wapi?

— “Nimeridhika sana.” Ningefanyaje, kaka? Nesi kasimama mbele yangu, kadi yangu kaishika yeye!

— Hata mimi, akasema Redio, safari hii kwa sauti ndogo.

Fundi Saa akatazama chini.

— Mimi nimetia mbili. Yangu na ya mama.

Walinikera, sitaficha. Kelele zote zile, kumbe bango wameliandika wenyewe! Nilikuwa nataka kuwapa vipande vyao, akatokea dada mkubwa wa Fundi Saa, begi la safari bado begani.

— Shikamoo, dada, akasema Fundi Saa.

— Marahaba. Nimeshuka basi, nimepitia nyumbani. Mama hata kukaa hawezi, anasema nikuulize wewe. Daktari kasema anaumwa nini?

Fundi Saa akajipapasa mfuko wa shati, akatoa kipakiti cha vidonge, akampa. Dada akakigeuza huku na huku. Kimeandikwa: moja mara tatu.

— Hiki nimekiona, mdogo wangu. Nauliza mama anaumwa nini.