Mwalimu Ng'washi Lugembe, Aliyewagawia Watoto Makaburi

Ndugu waombolezaji, marehemu Mwalimu Ng'washi Lugembe alizaliwa tarehe 14 Februari 1928 hapa hapa Igunguli, kwenye misheni ya Moravian iliyojengwa kando ya njia ya zamani ya wapagazi, maili kumi kutoka stesheni ya Igalula. Alikuwa mtoto wa pekee wa Mzee Lugembe na mkewe Kashindye. Mama huyo alifariki Ng'washi akiwa na miaka mitano.

Kwa desturi ya misheni, Jumamosi ya kuamkia Pasaka kila mtoto hufagia kaburi alilokabidhiwa, ili alfajiri washarika wakija kuimba ufufuo wayakute makaburi yote safi, yana maua. Ng'washi alipewa la mama yake. Alipoanza shule mwaka 1936 mwalimu alishangaa: mtoto hajui hata a, e, i, o, u, lakini jina la Kashindye analiandika bila kukosea. Alikuwa amelifuata kwa kidole msalabani, Pasaka tatu mfululizo.

Alisomea ualimu Tabora, akarudi kufundisha misheni mwaka 1946. Tarehe 5 Julai 1952 alifunga ndoa na Bwana Elia Mahona, mfanyakazi wa reli Igalula. Bwana Mahona husimulia kwamba siku ya posa binti alimwuliza jambo moja tu: "Ukifa, ungependa ufagiliwe na mtoto gani?"

"Nusura nitimue mbio," husema mzee.

Shule ya Jumapili ilikuwa mikononi mwake tangu 1949. Alikuwa mkali, tuseme ukweli. Aliyekuja bila ufagio alirudishwa nyumbani, na hakuna mzazi aliyethubutu kumtetea. Daftari lake lilikuwa na majina mawili kila mstari: la marehemu na la mtoto.

Agosti 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, tulihamia kijiji kipya, maili saba kutoka hapa. Igunguli ikawa mahame. Mwalimu alihama bila neno, lakini Pasaka ilipokaribia roho ilimuuma. Nyasi zingefunika makaburi, la mama yake likiwemo, na mchwa wangekula misalaba. Akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Mwalimu, tumeshahama," mwenyekiti alimwambia. "Wafu hawahamishwi."

"Sikuomba wahamishwe, Mwenyekiti. Naomba wafagiliwe."

Alikubaliwa kwa sharti kwamba watoto wapalilie kwanza karanga za kijiji. Walipalilia Alhamisi kutwa, na Jumamosi tarehe 29 Machi 1975 wakatembea hadi hapa wakiimba.

Walifuatana na Swaumu, binti wa miaka saba wa fundi bati Mabruki, jirani yetu Mwislamu katika kijiji kipya. Hakuwemo kwenye daftari, wala hakungoja kuambiwa. Alijichagulia tuta, akalifagia, akalipamba maua, akasimama kando yake kwa adabu. Lilikuwa kichuguu. Wenzake walicheka hadi wakakaa chini. Mwalimu hakucheka. Alimshika mkono, akampeleka ukingoni kwenye kaburi la mpagazi lisilo na jina.

"Huyu hatujui alikuwa wa dini gani," alimwambia. "Mtunze wewe, mwanangu."

Fundi Mabruki aliposikia habari hiyo alimtengenezea bintiye kopo la kumwagilia maua. Tangu mwaka ule hakuna Pasaka ambayo watoto hawakuja.

Moyo ulianza kumsumbua Mwalimu mwaka 1978. Mwezi uliopita alilazwa Tabora, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Jumanne alimwita Swaumu, akafungua daftari, akaandika jina lake mwenyewe na mbele yake la Swaumu.

"Na mpagazi wangu, Mwalimu?"

"Utafagia mawili. Wewe si mvivu."

Alifariki kesho yake, Jumatano tarehe 2 Aprili 1980, saa nne asubuhi. Tumemleta alikoagiza, ubavuni mwa mama yake. Uchungu wetu ni mkubwa, hatuufichi.

Ameacha mume, Bwana Elia Mahona, watoto watatu, Lugembe, Josepha na Luhende, wajukuu watano, na ninyi watoto wote mliosimama hapa na mafagio. Kesho alfajiri, Pasaka, jina lake litasomwa pamoja na majina ya wenzake waliotutoka mwaka huu.

Mwalimu apumzike kwa amani. Swaumu ameshafika, na ufagio anao.