Ulimi wa Muzee Assumani

Taksi-bisi ilikuwa inatoka Ndosho Jamila aliposikia abiria wa mbele akimsema marehemu baba yake, Assumani, mtangazaji wa mpira redioni. "Ule muzee alikuwa mutu wa waasi. Alitangaza mechi zao zote."

Mama mmoja asiyemjua Jamila akamgeukia bwana huyo kwa hasira. "Papa, heshimu mufu. Volkano ilipochoma muji, mutoto wangu alipotea. Assumani alitaja jina lake siku tatu, mpaka nikamupata Gisenyi, ngambo ya mupaka."

"Hiyo haifute ingine."

"Waasi walimuambia aseme timu yao imeshinda. Akasema imefungwa tatu. Wakamuvunja meno."

"Nani aliona?"

Jamila ndiye aliyemwosha damu siku ile. Alipopata sauti, gari lilikuwa limesimama Murara, na yule bwana ameshashuka.